Shela la Nakijwa Kwenye Wavu wa Samaki

Mjukuu wangu Elifuraha,

Marahaba, mama. Huku Myamba tu wazima, mvua imenyesha na babu yako anapalilia tangawizi.

Umeniuliza kama utupe wavu wako wa samaki wa mapambo kwa sababu umechanika. Usiutupe. Nilipokuwa msichana nikifanya kazi nyumba ya wageni pale Same, tangi la kioo la samaki pale mapokezi lilipata ufa, maji yakawa yanaisha. Kila nikiteka samaki, anapenya kwenye tundu, maana wavu wetu nao ulikuwa umechanika. Nikaanza kulia. Mpishi wetu, dada Nakijwa, alikimbilia chumbani kwake akarudi na shela lake la harusi, akalikata.

"Dada, shela lako!"

"Limeshamaliza kazi ya kanisani. Shona!"

Nikashona kiraka kwa mishono midogo, mafundo yakae nje yasiwakwaruze samaki. Tukawahamishia wote kwenye beseni, wazima. Wavu ule tuliutumia miaka mingi, tukiusuuza kwa maji matupu na kuuanika kivulini.

Jumapili hii iliyopita nilimpelekea Nakijwa ndizi, nikamshukuru tena. Alicheka sana. Alikuwa hata hakumbuki.

Mungu akutunze huko Dar.

Bibi yako, Namsifu