Trekta la Ukoo na Vyuma vya Mbele

Jumapili, 3 Novemba 2024
Ukoo umekaa leo baada ya Misa, nyumbani kwa dada Juliana. Mitiki yote ya bibi imeuzwa, trekta linunuliwe. Moja tu! Likiwa bovu hakuna miti mingine — tunarudi kwenye jembe la mkono, na mgongo wa dada umekwisha. Nani achague? Mimi! Kwetu shamba ni la upande wa mama, na mjomba ndiye msemaji. Nikawakumbusha nilivyoendesha trekta Turiani, tela tatu za miwa nyuma, chatu kajizungusha kwenye usukani, na mwendo sikupunguza. Walicheka mpaka chai ikamwagika. Scholastika, binti wa dada, hakucheka. Alikuwa anaandika maswali kwenye daftari. Nikamwambia trekta huchaguliwa kwa sikio.

Jumanne, 5 Novemba
Kihonda, yadi ya matrekta.
Nililipenda jekundu, linanguruma kama simba wa Mikumi. Scholastika akachungulia chini: oili inavuja. La pili linavuta kwa tairi za nyuma tu. Kwenye udongo wetu wa Mlali litazama. La tatu limechubuka rangi, ila linavuta kwa zote nne, na spea zake zipo mjini. Muuzaji, Mwinshehe, akanigeukia: Mzee, nasikia wewe dereva wa zamani, lijaribu basi. Nikashika goti. Likaanza kuuma palepale! Akapanda Scholastika. Akalizungusha yadi nzima, akalirudisha kinyumenyume mpaka ukutani. Nikamuuliza, umejifunza wapi? "Jeshini, JKT, mjomba."
Nikasema hilo ndilo nililolitaka tangu getini.
Lakini na mimi lazima niache alama yangu. Pale mbele limebebeshwa vyuma vizito. Mzigo wa bure, unakula dizeli! Nikamwambia Mwinshehe avitoe, badala yake atupe paa la kivuli. Scholastika akasema, mjomba, vile vinakandamiza pua ya trekta isiinuke. Nikamuuliza, nani msemaji wa ukoo? "Wewe, mjomba." Akafunga daftari.

Ijumaa, 8 Novemba
Limefika. Vigelegele! Nimewaambia Mwinshehe alilia tulipoondoka nalo. Paa linapendeza.

Jumamosi, 9 Novemba
Mungu wangu.
Bondeni Scholastika alilima vizuri. Alipoanza kupandisha kile kipande cha mteremko, plau likang'ata udongo — pua ikainuka! Tairi za mbele hewani! Trekta limesimama kama mbuzi anayefuata majani ya juu, na mtoto wa dada yangu yuko juu yake! Akakanyaga klachi. Likashuka kwa kishindo, ardhi ikatikisika mpaka kwenye meno yangu. Dada Juliana kakaa chini matopeni, kanga usoni.
Nikangoja aseme. Aseme tu, mjomba alitoa vyuma. Akasema: "Mashine ngeni, mama, bado naizoea." Mtoto wa dada hamwaibishi mjomba mbele ya watu. Na mimi? Nikajifanya nakagua plau!
Mzee Fransisko, mkubwa wetu, akakata neno: binti ashuke, asipande tena. Jumatatu anaendesha Athanas, yeye ni wa Turiani.
Athanas ni mimi.

Jumapili, 10 Novemba
Sikula. Turiani nilikuwa nafunga minyororo ya tela tu. Basi, nimeandika.
Nimempigia Mwinshehe. Vyuma vipo. Akacheka: nilijua utapiga, mzee, nilikuwa nahesabu siku tu. Gari lake litavileta Jumatano. Jumatano! Scholastika kaja jioni, kasimama karibu na jiko. Mjomba, waambie. Mteremko ule utakuua. Nikamwambia nitaona. Akasema, wiki ijayo mvua, na mama ameshaanza kunoa jembe lake.

Jumatatu, 11 Novemba
Saa moja asubuhi. Linanguruma uani. Scholastika kaliwasha, kashuka, hakuna aliyemshukuru. Ukoo mzima umekuja, hata wa Mgeta. Mzee Fransisko anauliza, dereva yuko wapi? Dada anamjibu, mwacheni ndugu yangu, anasali.
Scholastika yuko mlangoni, haingii. Kaniuliza kwa sauti ya chini: "Mjomba, niwaambie mimi?"
Wanaita tena. Nimesema navaa viatu.
Viatu nimevaa tangu alfajiri.