Miaka Miwili na Miezi Minne Nilikuwa Wapi?

Jumatatu, 3 Machi

Barua pepe imekuja! Nimeisoma nimesimama, nimeisoma nimekaa, kisha nikaisoma kwa sauti maana sikuyaamini macho yangu. Hawajakataa. Hawajakubali pia. Chuo kinanitaka, udhamini upo, imebaki viza tu. Na watu wa viza wana swali moja: tangu nimalize diploma ya upimaji ardhi hadi leo kuna miaka miwili na miezi minne mitupu. Nilikuwa nafanya nini? Nieleze, na nitoe ushahidi — karatasi za hospitali, barua ya mwajiri au ya kiongozi wa mtaa. Mwisho Ijumaa ya wiki ijayo, tarehe 14, saa kumi jioni.

Swali rahisi. Nilikuwa namuuguza Mama.

Tatizo ni kwamba Mama hajawahi kuugua. Muulizeni mwenyewe!

Jumanne, 4 Machi

Nimemuuliza. Nilingoja amalize chai, nikamsifia kilemba, nikazunguka weee, ndipo nikatua: Mama, zile karatasi za hospitali, za mwaka ule wa kiharusi…

Kiharusi cha nani? Yeye alichoka tu. Kafundisha watu kuendesha gari miaka thelathini, mwili nao una haki ya kupumzika.

Kupumzika! Upande mzima wa kulia ulilala, mdomo ukapinda, kijiko hakishikiki. Haya, tuite kupumzika. Karatasi zimo kwenye sanduku lake la bati na ufunguo uko shingoni mwake. Nikiutazama anavuta kanga juu.

Alhamisi, 6 Machi

Niandike ukweli angalau humu. Tulimficha. Siku aliyotoka hospitali alituapisha mimi na Kaka: mwanamke aliyewafokea madereva wa mtaa mzima asionekane anabebwa kama mtoto. Basi tukatangaza amesafiri kwenda kwa dada yake. Miezi minane! Yuko chumba cha nyuma, pazia limeshushwa, majirani wananiagiza nimpe salamu nikiongea naye kwenye simu. Na Kaka, ambaye hawezi kuona uongo mdogo asiulishe ukanenepa, akanunua zawadi za "safarini" duka la mtaa wa pili tukazigawa.

Kisha Mama "akarudi". Anatembea na mwavuli kiangazi chote, eti mguu uliteguka njiani.

Kesho naenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Ni mtu mwema, ataelewa.

Ijumaa, 7 Machi

Hakuelewa!

Nilipomtaja Mama tu, mwenyekiti akakaa wima. Mama ndiye aliyemfundisha gari, alimfelisha mara tatu kwenye kurudi nyuma. Nikaeleza shida yangu. Akacheka kwa huruma. Binti yangu, anasema, nitaandikaje mama yako alikuwa mgonjwa na nilijua yuko safarini? Hata zawadi aliniletea. Akaonyesha kichwani. Kofia! Ameivaa!

Halafu akaongeza, tena kwa upole kabisa, kwamba ananikumbuka miaka ile, nilikuwa nimekaa tu nyumbani nafagia uwanja. Nisione haya, ajira ni ngumu.

Nikampigia Kaka. Akacheka mpaka akapaliwa. Eti si alisema tuchague kofia nzuri? Na mimi nikacheka, njia nzima. Nilipofika getini kicheko kikaniishia. Nimekaa tu. Nilikuwa namgeuza kila baada ya saa mbili asipate vidonda, mchana na usiku, halafu nimekaa tu! Imeniuma. Sikujua kwamba ingeniuma hivi.

Jumatatu, 10 Machi

Zimebaki siku nne. Shoga yangu kanielekeza kwa wakala wa safari za wanafunzi, ofisi yake iko juu ya kinyozi. Nimembatiza Bwana Mihuri: anayo kopo zima la biskuti, biskuti hamna.

Nilimpa daftari langu. Hili sijawahi kumwonyesha mtu. Mpimaji ni mpimaji tu, ukimnyima ardhi atapima hata mgonjwa. Kila siku niliandika Mama ametembea kiasi gani. Kitanda hadi kiti: mita 1.20, ameshikiliwa. Kitanda hadi dirisha: mita 3.40, mapumziko mawili. Daftari limejaa.

Bwana Mihuri akalifungua kwa kidole kimoja. Umeandika mwenyewe, halina muhuri, si kitu. Pengo halielezwi, anasema, pengo linazibwa. Akageukia kompyuta, na kufumba na kufumbua nilikuwa nimekaa miaka miwili na miezi minne kama msaidizi wa meneja katika kampuni ya magodoro! "Mchapakazi na mwaminifu." Kaandika mwaminifu bila hata kupepesa.

Nimeichukua. Sijaituma.

Jumatano, 12 Machi

Barua ya magodoro ni nzuri mno. Nimeisoma mara nyingi hadi nimeanza kuwakumbuka wateja. Wakinipigia nitasema nini? Sponji, spring, futi tano kwa sita. Nimejifunza yote.

Lakini naogopa. Wakigundua, siyo viza hii tu, hata ya mwakani sahau. Na nisipotuma kitu, nafasi ya chuo inaondoka. Mbele maji, nyuma moto. Natamani sana kwenda. Sijaandika hivyo mahali popote, basi naandika hapa: natamani sana.

Alhamisi, 13 Machi

Ee, leo!

Nimetoka kuchapisha fomu, nikamkuta Mama sebuleni na miwani. Mbele yake barua na daftari, nilivyoviacha mezani mimi mwenyewe, mjinga mie.

Akaanza na barua. Hayo magodoro niliuzia wapi, na mbona nyumbani halikuja hata moja? Nikacheka. Yeye hakucheka. "Miaka thelathini sijamsainia leseni mtu asiyejua breki," akasema. "Wengine walilia, wengine walileta wazee wao. Sikusaini. Leo mwanangu ndiye wa kusainiwa uongo?"

Sijui mdomo niliupata wapi. Nikamwambia nisingehitaji magodoro kama yeye angekubali kwamba aliugua.

Nikajuta papo hapo. Mama hajibiwi hivyo.

Akalivuta daftari. Akapekua taratibu, kwa mkono wa kulia, akasimamisha kidole. Hapa si kweli, akasema. Siku ya dirishani hakupumzika mara mbili. Mara moja tu.

Mbili, Mama. Niliandika palepale.

Moja! Ile ya pili alisimama kutazama nje.

Tumebishana nusu saa nzima, yeye na kidole chake, mimi na mita zangu. Hakuna aliyekubali kushindwa. Mpaka naosha vikombe ndipo nikang'amua tulichokuwa tunabishania. Nikasimama pale na kikombe mkononi, maji yanamwagika tu.

Ijumaa, 14 Machi

Saa nne asubuhi. Niko kwenye benchi la ofisi ya mtaa, naandikia gotini.

Mama kaamka kabla yangu. Kavaa koti lake la kufundishia, kaniwekea karatasi zote za hospitali mapajani kama mtu anayegawa mitihani. Nikamwambia hizi zinatosha, nizitume sasa hivi. Akasema hazitoshi. Zinasema yeye aliugua, hazisemi nani alikuwa anamgeuza. Twende.

Benchini tuko saba. Jirani yetu wa ukuta mmoja yupo, kamsalimia Mama kwa bashasha zote. Karani akataka kufunga mlango. Mama kamwambia auache wazi, kuna joto. Joto gani? Nje kunanyunya!

Sasa anaongea. Ile sauti ya barabarani, imerudi yote.

"Sikusafiri," kasema. Mwenyekiti kacheka, kadhani utani. Karudia. Hakusafiri, alikuwa chumba cha nyuma, hawezi hata kujigeuza. Benchi zima limenigeukia. Sijui niangalie wapi. Anataja kuogeshwa. Anataja kulishwa. Natamani ardhi ipasuke inimeze, na natamani asinyamaze. Jirani kanishika mkono — wa kushoto, bahati.

Mwenyekiti anasema kitu, chini chini, kama pole. Mama hataki pole. Anamwambia aandike.

"Andika huyu hakukaa bure. Alikuwa kazini. Kazi yenyewe ilikuwa mimi."

Nalia, huku nacheka. Watu wananiona na wanione tu.

Saa tano kasoro. Mwenyekiti anatafuta kalamu. Yake imegoma. Ya karani imegoma. Karani katoka mlangoni anauliza nani ana kalamu inayoandika. Wote wananitazama mimi. Haya, nampa, nampa sasa hivi, nimalize tu hili ne