Karakana ya Magurudumu Mawili

Jumatatu, 3 Juni 1996

Randa tangu asubuhi. Mbao mbili za ubavu zimenyooka. Ya tatu ina fundo pale pale nilipotaka bawaba. Nimeigeuza.

Mkokoteni uko uani juu ya mawe, bado hauna magurudumu. Ekseli yake ni ya trela kuukuu ya miwa. Mume wangu Ezekieli analalamika kwamba hana pa kuanika maharagwe. Anike kwa jirani.

Mpango, nisije nikauchanganya: pande mbili za mkokoteni zina bawaba kwa chini. Ukifika mahali unazilaza nje, unazitia miguu ya bomba, unapata meza mbili za seremala. Misumeno, randa na patasi zinakaa kwenye sanduku la katikati. Nyuma kuna jiko la kufulia chuma, fuawe, na vaisi ya kubania. Mbele, ng'ombe wawili wa Ezekieli wa kulimia.

Tangu upepo uezue paa la chuo cha ufundi nilikokuwa nikifundisha, kimefungwa. Akina mama wa kijiji cha Mayoni waliniuliza kama naweza kuwafundisha kwao. Hawawezi kuacha watoto na miwa waje huku Ekero. Basi karakana itawaendea wao. Na lazima iwe kitu ambacho mtu yeyote anaweza kujitengenezea kwa vitu vya karibu. Isipoweza kuigwa, ni pambo tu.

Alhamisi, 6 Juni 1996

Athumani amekuja na baisikeli, fuawe imefungwa nyuma. Sijui alivyopanda kilima. Ndiye fundi wa chuma ninayemtaka, na karakana yake iko nyuma ya soko la Ekero. Ni wa ukoo mmoja na Ezekieli, kwa hiyo ananiita mulamwa, yaani shemeji, nami namwita hivyo hivyo.

Ameunda feni ya kupulizia moto kwa ringi ya baisikeli na mkanda wa mpira. Unazungusha kwa mkono, makaa yanawaka mekundu. Nimeitazama kwa wivu. Ni nzuri kuliko meza zangu.

Halafu tumegombana. Anasema jiko lisipande mkokoteni. Tufundishe mbao peke yake, chuma kibaki Ekero.

"Moto na maranda haiwezi kaa nyumba moja, mulamwa."

Nimemwambia nitaweka bati katikati. Nimemwambia mtu wa Mayoni anahitaji mlango na pia komeo la mlango. Ameishusha fuawe kwenye baisikeli. Nimeshinda, nadhani.

Jumapili, 9 Juni 1996

Kanisa. Sikusikia mahubiri. Nilikuwa nawaza bawaba.

Jumatano, 12 Juni 1996

Magurudumu yamefungwa. Tumepakia kila kitu na kuwafunga ng'ombe. Nyuma ikashuka, mbele ikapanda, nira ikawavuta shingo juu mpaka mmoja akaanza kukoroma. Fuawe na jiko ni vizito mno kwa nyuma. Ezekieli akawafungua haraka. Akawapapasa shingo mmoja mmoja, ameninunia.

Mchana kutwa nimesogeza ekseli. Nikatoboa, nikapakia tena, nikaenda mbele kuinua ule mti mrefu wa kufungia nira. Mwishowe uliinuka kwa mkono mmoja. Nilimwita Ezekieli aje ainue mwenyewe. Akainua. Akaushusha, akauinua tena.

Nimechoka vibaya. Nimefurahi vibaya.

Jumamosi, 15 Juni 1996

Imeungua.

Niandike yote. Tulienda uwanja wa Ekero siku ya soko kuonyesha watu. Meza zilifunguka vizuri. Watu wengi, wengine wamesimama juu ya mawe ili waone. Nilikuwa napiga randa, Athumani anafua patasi. Upepo ukageuka. Cheche zikaruka juu ya lile bati langu, zikaangukia maranda chini ya meza ya kulia. Nilisikia harufu kabla ya kuona. Kisha moto ukapanda ubavuni.

Athumani alilishika jiko kwa mikono mitupu na kulisukuma chini, lisimwage makaa juu ya sanduku la vifaa. Mimi nilimwaga maji ya kupozea chuma. Ukazimika. Meza moja imekwisha. Vifaa vyote salama.

Kiganja chake cha kulia kimebabuka. Dada mmoja wa zahanati alimfunga bandeji. Hakunitazama. Aliinua baisikeli yake na kuikokota kwenda nyumbani.

Kijana mmoja akasema kwa sauti, "Mama amechoma karakana yake." Wakacheka. Ilikuwa kweli.

Jumapili, 16 Juni 1996

Sikwenda kanisani.

Naona aibu. Si ya wale waliocheka. Ya kiganja.

Jumanne, 18 Juni 1996

Ezekieli alikuta nimeanza kung'oa misumari ili nipate mbao za kuni. Akaninyang'anya nyundo. Mtu huyu aliyenung'unikia uwanja wa maharagwe wiki mbili.

"Meza moja imeungua," akasema. "Si umebaki na moja? Obusuma uko mezani. Kula kwanza."

Nilikula ule ugali. Kulikuwa na ingokho pia, na haikuwa sikukuu. Amemchinja yule jogoo mwekundu kwa ajili yangu. Nililia kidogo na yeye akajifanya anaangalia mlango.

Alhamisi, 20 Juni 1996

Nimelipata. Nilikuwa natazama majirani wawili wakibeba mgonjwa kwenye machela, njia ya zahanati. Miti miwili, mtu mbele, mtu nyuma.

Jiko halitakaa juu ya mkokoteni kamwe. Litaning'inia nyuma wakati wa safari tu, likiwa baridi, kwenye mabomba mawili. Tukifika, watu wawili wanalichomoa kwa mabomba yale yale na kulibeba upande mwingine wa uwanja, kule upepo unakoelekea. Lina miguu yake. Fuawe inakwenda nalo. Mbao huku, moto kule, mwalimu mmoja kila upande. Meza inabaki kwenye mkokoteni, na vaisi inahamia mwisho wa meza.

Safarini fuawe itakaa mbele, isawazishe uzito wa nyuma. Ningeliona hili mapema kama nisingekuwa natafuta kushinda.

Jumamosi, 22 Juni 1996

Nimeenda kwa Athumani. Mkewe, Mwanaisha, alinipokea mlangoni. Asalamu aleikum yangu ilitoka nusu. Aliitikia, akaniletea chai, hakukaa nami. Ana haki.

Athumani alikuwa nje, mkono umefungwa kitambaa cheupe. Nilisema niliyokwenda kusema: alinionya, sikusikia, ameumia kwa sababu yangu.

"Mkono itapona," akasema. "Mimi nafanyanga kazi ya moto tangu utoto, nimeungua mara mingi. Kile kiliniuma ni vile uliniuliza, halafu hukunisikiza."

Nikamwambia ndiyo. Kisha nikamchorea chini kwa kijiti: mkokoteni, mabomba, jiko kule mbali. Aliinama kuangalia. Akasema kwamba yeye pia alikosea, alitaka kukiacha chuma nyumbani kabisa kwa sababu hakuona njia nyingine. Akachukua kile kijiti kwa mkono wa kushoto na kurefusha mabomba, ili jiko lisiwagonge wabebaji magotini.

Mwanaisha akaja na chai ya pili. Safari hii alikaa.

Jumanne, 2 Julai 1996

Mayoni. Tuliondoka alfajiri. Ezekieli mwenyewe aliongoza ng'ombe, hakutaka mtu mwingine awaguse. Miwa pande zote mbili, barabara ya maramu, ule udongo mwekundu, imekauka. Trekta za miwa zilitupita na kutujaza vumbi. Mkokoteni haukulia hata mara moja.

Zainabu alitungoja. Ndiye kiongozi wa kile kikundi cha akina mama, mjane, anauza mboga sokoni. Alikuwa ameleta wenzake, wengine na watoto mgongoni. Na wanaume wachache, wamekunja mikono.

Tulifungua meza. Tulibeba jiko hadi ng'ambo. Halikumgonga mtu magotini. Niliwafundisha kupima, kukata, kunyoosha. Misumeno yangu ilipinda mikononi mwao kama ilivyopinda mikononi mwangu zamani.

Kule upande wa pili jambo lilitokea ambalo hatukulipanga. Kiganja cha Athumani bado hakiwezi nyundo. Alishika koleo kwa kushoto na kuhitaji mtu wa kupiga. Wanaume wakatazamana. Zainabu akafunga leso yake vizuri kiunoni, akaenda, akachukua nyundo.

"Nipige wapi, fundi?"

"Pale kwenye nyekundu. Usiogope hiyo chuma, piga."

Alipiga pembeni. Alipiga fuawe. Kisha akapata. Walipomaliza, komeo la kwanza la mlango lilikuwa limepinda kama kidole cha mzee, lakini lilifunga. Akalipitisha kwa kila mtu alishike. Wale wanaume walikunjua mikono kulipokea.

Nimefundisha miaka mingi. Sikumbuki siku iliyonifurahisha hivi. Njiani kurudi nilikuwa naimba, Ezekieli akaniuliza kama nimekunywa.

Jumanne, 16 Julai 1996

Somo la tatu. Milango miwili imekamilika. Kaka yake Zainabu amejifunza kunoa misumeno, na sasa hakuna anayemshinda.

Zainabu akanishika kando. Wanataka kutengeneza mkokoteni wao. Nilitaka kusema nitakuja kuwasimamia. Akaniwahi.

"Mwalimu, usikuje. Tupatie vipimo tu. Tukikwama, tutakuita."

Nikawapa vipimo vyote. Nilijibu "sawa" kwa uso mzuri. Kweli iliniuma. Njiani Athumani alicheka mpaka nikakasirika.

Jumamosi, 27 Julai 1996

Hawajaniita.

Jumamosi, 10 Agosti 1996

Zainabu alituma ujumbe kwamba wamemaliza, tuje tuone. Tumekwenda kwa baisikeli, mimi na Athumani.

Nilipouona mara ya kwanza nilivunjika moyo. Haukuwa wangu. Ule mti wa nira hawakuuweka kabisa. Badala yake kuna vishikio viwili vya mkaratusi kwa nyuma, vya kusukuma. Mkokoteni ni mfupi, mwembamba. Hakuna bomba hata moja, miguu yote ni miti. Na meza ziko chini, zinanifikia mapajani. Nikaanza kusema vipimo vimekosewa. Athumani akanigusa kiwiko.

Kisha Zainabu akaeleza. Hakuna mwenye ng'ombe katika kikundi chao, lakini mikono ya kusukuma ipo. Bomba ni shida kupata, mkaratusi uko kila shamba. Na meza?

"Wewe uko mrefu, mwalimu. Sisi kwa meza yako tulikuwa tunafanya kazi kama watoto wanachungulia dirisha."

Wakacheka wote. Nikakumbuka. Nilizipima kwa kiuno changu. Sikuwahi kufikiri kwamba kuna kiuno kingine.

Nikainama chini yake kukagua. Viungo vimebana. Bawaba wamezifua wenyewe, na Athumani alipitisha kidole chake kwenye kila moja, taratibu, na kwenye ya mwisho akarudia. Jiko lao linabebwa kwa miti miwili mibichi. Wamepaka udongo wa kichuguu ndani yake, jambo ambalo hatukuwafundisha. Wanawake wawili wakausukuma mkokoteni kuzunguka uwanja, mtoto amekaa juu ya sanduku. Ulikwenda kama maji.

Nimejivuna leo. Niandike wazi, hakuna anayesoma hapa: nimejivuna kupita kiasi. Si kwa sababu wamefanya nilichowaambia. Wameniacha nyuma, nami ndimi niliyewaonyesha njia.

Nilirudi na Athumani hadi Ekero. Pale kwenye njia panda akashuka kwenye baisikeli.

"Mulamwa, tumefanya kazi."

Akaenda zake kuswali.

Jumapili, 11 Agosti 1996

Kanisa asubuhi. Nilisikia mahubiri yote.

Mchana mvua ndogo. Ezekieli amelala kwenye kiti. Nimepaka misumeno mafuta na kuitundika.

Mpita njia aliyetoka soko la Matungu aliingia kujikinga. Anasema amewaona akina mama wa Mayoni huko baada ya ibada, na mkokoteni wao, watu wamewazunguka, mmoja amevaa leso kiunoni anafundisha kupima ubao. Akaniuliza kama nawajua.

Nikamwambia nawajua. Nikamwongezea chai.

Mvua imeisha. Nimefungua mlango, hewa iingie.