Handaki la Chumba cha Saa

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Mama Kinu, kama anavyojulikana mtaani (la kitambulisho limo kwenye jalada)
Umri: Miaka 61
Kazi: Kusaga nafaka kwa mashine, mwaka wa thelathini na tatu sasa
Makazi: Nyumba ya geti la kijani, inayopakana na bohari ya vipuri vya magari
Yamechukuliwa: Tarehe 14 mwezi wa tano, saa saba na dakika ishirini mchana

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Natoa maelezo haya kwa hiari yangu na kwa haraka, maana mume wangu yuko kwenye benchi la kaunta tangu saa tano na nusu na hajala kitu. Nimeambiwa maneno yangu ndiyo yatakayofanya jalada lifungwe au yeye alale ndani. Mimi ndiye niliyemponza, kwa hiyo mimi ndiye nitakayemtoa.

Kwanza iandikwe kwamba sina tatizo la kusikia. Watu wa siku hizi wanaongea kama wamejaza pamba mdomoni. Koplo anayeniandika naye ni hivyo hivyo, nimeshamwambia apaze sauti mara mbili.

Mume wangu ni fundi saa. Tuna miaka thelathini na sita ya ndoa na sijawahi kumsikia akifoka. Anafanyia kazi chumba cha nyuma, tunakiita chumba cha saa, na ukuta wake ndio huo huo ukuta wa bohari. Bohari hiyo ilivunjwa mwezi wa tatu na hadi leo hamjamkamata mtu. Nalisema hili ili ijulikane kwa nini askari walikuja mbio nilipowaita.

Mnamo tarehe 20 mwezi wa nne, simu yangu ilianza kuniletea matangazo ya vifaa vya masikio. Nikifungua mapishi, sikio. Nikifungua salamu za mjukuu, sikio. Hata picha ya bibi kizee anacheka na kidude sikioni. Nilikasirika mno. Nilimuuliza mume wangu, "Nani kawaambia hawa kwamba mimi ni kiziwi?" Aliinamisha kichwa kwenye saa aliyokuwa anaitengeneza. Sikumsemesha siku mbili, japo chakula nilimpa.

Mnamo tarehe 2 mwezi huu, saa kumi na moja jioni, nilitoka mashineni nikakuta udongo mbichi uani. Ulianzia dirisha la sebuleni, ambako kipo kile kisanduku cha intaneti, ukaenda moja kwa moja mpaka chumba cha saa. Nilimuuliza mume wangu, "Umezika nini hapa?" Akanijibu, "Waya." Sasa jamani, Waya ni jina la utani la fundi simu wa mtaa wetu, mtu mzima ana watoto watatu, na nilikuwa nimetoka kupishana naye kwenye duka la mkate. Nikaona ananifanyia mzaha. Niliweka moyoni.

Mnamo tarehe 9, saa tisa alasiri, nilipeleka chai chumba cha saa. Waya alikuwa ndani na mume wangu, vichwa vimegusana juu ya simu. Nilisimama nyuma ya pazia. Sikuwa nachungulia, nilikuwa nimeshika sinia. Nilimsikia Waya anasema, "Ukishaingia handakini, hakuna atakayekuona. Unatokea nchi nyingine kabisa." Mume wangu akasema, "Ila mke wangu asijue." Halafu akaongeza maneno ambayo sikuyapata. Waya akasema handaki limekatika tena, ni mara ya nne, watafute mlango mwingine wa kutokea. Chai niliirudisha jikoni, nikainywa mimi.

Mnamo tarehe 12, asubuhi, alikuwa anaongea na Waya kwenye simu, na leo nimeambiwa alisema: "Seva ya jana ilikuwa nzito, hii ya leo nyepesi, naipenda." Niliyoyapata mimi ni Seva, na mwepesi, na kupenda. Mimi nina kilo tisini na mbili. Usiku huo nilimtazama akilala nikasema, kikulacho ki nguoni mwako. Lakini haki ya Mungu niseme ukweli: sikuogopa wizi wa bohari. Niliogopa kwamba anaondoka. Mtu wa kimya akiondoka huondoka kimya, nami nisingesikia hata mlango.

Leo tarehe 14, saa nne na robo asubuhi, mume wangu alivaa shati lake jeupe la harusi za watu, akachana nywele, akajifungia chumba cha saa na Waya. Shati lile halivai kwa saa mbovu. Nilikuja hapa kituoni kwa miguu, nikamwambia mkuu wa zamu: "Mume wangu amechimba handaki, leo anatoroka nchi." Naye akauliza nyumba iko wapi. Nilipotaja bohari, alisimama.

Saa tano kasoro dakika tano tulifika nyumbani, mimi na askari wanne, mmoja ana sururu. Walifungua chumba cha saa. Hakukuwa na shimo. Mume wangu alikuwa amekaa mbele ya simu iliyoegemezwa kwenye kopo la mafuta ya saa, na kwenye kioo alikuwepo mwanamke wa makamo, amevaa koti jeupe. Nikasema moyoni, ndiye huyu Seva. Askari mmoja aliichukua ile simu na yule mwanamke akapotea. Waya aliinua mikono juu bila hata kuambiwa.

Wote wawili waliletwa sebuleni. Askari walikuwa wanauliza maswali, nami nimesimama chini ya saa ya ukutani. Saa hiyo mume wangu aliitengeneza mwenyewe mwaka tuliooana. Ina nyundo ndogo inayopiga kengele, na unaiona kupitia kioo. Kwa mwaka mzima na zaidi nimekuwa nikimlaumu kwamba haigongi. Kila mara alinijibu, "Kengele imechoka, nitaitazama." Sikukuu iliyopita, mbele ya wageni, nilimwita fundi saa asiyeweza saa yake mwenyewe. Watu walicheka. Yeye naye alicheka.

Sasa, saa tano kamili, askari wote wanne waligeuka kwa pamoja wakatazama juu ya kichwa changu. Nami nikageuka. Niliiona nyundo inapiga. Ilikuwa inapiga kwa nguvu, kengele inatikisika, na mimi nipo chini yake kabisa. Niliihesabu kwa macho, mara kumi na moja. Sikusikia hata moja.

Nilimuuliza mume wangu, "Tangu lini inagonga?"

Alikuja akasimama kushoto kwangu. Siku hizi husimama kushoto tu, barabarani, mezani, hata kanisani. Nilidhani anakimbia jua. Akasema polepole, "Haijawahi kuacha."

Mkuu wa zamu alisema maelezo mengine yatachukuliwa kituoni, na tukaja wote kwa miguu, mume wangu kushoto kwangu kama kawaida, askari nyuma.

Mambo mengine nimeelezwa na Waya hapa hapa kaunta, kwa sauti ambayo hata mahabusu wameisikia. Alisema mume wangu alipokuwa akitafuta habari za masikio kwenye intaneti ya nyumbani, matangazo yalimfuata, na kwa kuwa simu zetu zinatumia kisanduku kimoja, yakanifikia mimi. Mume wangu alimwendea akasema, "Nisaidie nitafute bila mtu kunifuata, mke wangu asijue kabla sijapata dawa, ataumia." Hayo ndiyo maneno niliyoyakosa nyuma ya pazia. Niliipata "asijue". "Ataumia" sikuipata.

Waya akamwekea kitu kinaitwa vipieni. Nilimwambia anieleze kama anavyomweleza mtu wa mashine, na alijitahidi. Alisema mawasiliano yako yanapita kama kwenye handaki, aliye njiani haoni ulichobeba, na unaonekana umetokea kule mwisho wa handaki, hata kama ni nchi nyingine. Seva ni mtambo ulioko huko mwisho. Ukiwa mbali au una watu wengi, unakuwa mzito, ndiyo maana walichagua wa karibu. Handaki lilikuwa linakatika kwa sababu mawimbi ya kisanduku hayafiki chumba cha nyuma, basi wakafukia waya uani, waya wa kweli huu. Hata hivyo liliendelea kukatika, mpaka walipogundua simu ya mume wangu imewekwa kubana betri, na kioo kikizima inaua kila kitu. Waya aliongeza kwamba vipieni haikufanyi mzimu. Ukiingia kwa jina lako bado wanakujua, na mwenye handaki naye ana macho, kwa hiyo uchague unayemwamini. Nilimwambia hilo la mwisho nalijua, nina miaka thelathini na sita nalo.

Yule mwanamke wa koti jeupe ni mtaalamu wa masikio. Mume wangu alisubiri nafasi yake wiki tatu. Alivaa shati jeupe kwa heshima, kwa sababu alikuwa anakwenda kuniombea mimi. Alikuwa amezungumza dakika arobaini, ndipo nikamwingizia askari na sururu.

Sina malalamiko dhidi ya mume wangu wala Waya. Hakuna kilichoibwa nyumbani kwangu wala kwa jirani. Mtaro wa uani una kina cha kiganja, nendeni mkapime. Naomba mume wangu arudishiwe simu yake, maana yule mtaalamu ametuma ujumbe, Koplo amenionyesha, kwamba atapiga tena kesho saa nne, na anataka mgonjwa mwenyewe awepo. Nitakuwepo. Nitavaa vizuri na mimi.

Niliyoyaona nimeyasema yote. Niliyoyasikia nimeyasema nusu, kwa sababu nusu ndiyo niliyoisikia.

Sahihi ya shahidi: (ametia)

MAELEZO YA AFISA

Mimi, Koplo wa zamu, nathibitisha kuwa nimeyaandika maelezo haya kama yalivyotolewa. Nilimsomea shahidi mara mbili na akasema sisomi, nanong'ona. Kwa idhini ya mkuu wa zamu, mume wake alitolewa kwenye benchi akamsomea yeye, upande wa sikio la kushoto, mwanzo hadi mwisho. Ilichukua dakika ishirini na tano kwa kuwa walisimama mara kadhaa.

Shahidi amekiri maelezo ni sahihi, isipokuwa aya ya pili, sentensi ya kwanza, ile ya kusikia, ambayo ameomba ifutwe. Imefutwa kwa mstari mmoja, na shahidi ametia sahihi pembeni.

Jalada limefungwa saa nane na dakika hamsini. Wameondoka pamoja.