Firigisi ya Mgeni

Alhamisi

Na nilivyojiona mjanja! Sasa nimejifungia chumbani na daftari hili, nusu naona aibu, nusu nacheka.

Binti yangu Neema alirudi kutoka shule na kazi ya Kiingereza: aandike maana ya neno "guest", yaani mgeni, na visawe vyake. Shemeji Masunga, mdogo wake mume wangu, alikuwa amejinyoosha kwenye kochi letu. Alikuja kwa siku mbili, nyumba yake ya Buhongwa ikiezekwa bati. Hii ni wiki ya tano.

Nikaona nafasi ndiyo hii. Nikamwambia mtoto aandike "visitor", kisha maana yake: mtu anayekuja kwa muda mfupi, halafu anarudi kwake. Nikamtaka asome kwa sauti. Akasoma mara tatu.

"Kiingereza kimenyooka," shemeji akasifu, macho kwenye televisheni.

Basi nikahamia jikoni. Tangu afike, kila tukichinja kuku firigisi ni yake, kwa kuwa ni mgeni. Leo nikaiweka kwenye sahani ya mume wangu. Baba Neema akanikodolea macho. Nikajifanya natafuta chumvi. Mama mkwe akisikia, nimekwisha.

Shemeji akaitazama ile firigisi, akatabasamu mpaka magego yakaonekana.

"Asante, shemeji. Kumbe sasa mmenihesabu mtu wa nyumbani!"

Kesho asubuhi anakwenda Buhongwa kuchukua godoro lake.