Tanaka Wawili

Jumapili, 7 Septemba
Misa ya Kiswahili, basi, chai. Hapa Crescent Town, Toronto, lifti moja imekufa tena. Nimefungua friza kuhakikisha kopo la senene, panzi wetu wa kukaanga, halijaguswa. Koku ana mkono mrefu, na msimu wa senene Bukoba hauji mpaka Novemba.

Watu wa Daniel watakuja kumposa Koku Jumamosi ya tarehe 27. Kaka yangu, baba yake Koku, hayupo tena duniani. Wazee wamesema kwa simu: shangazi, wewe ndiwe uliye huko, chunguza ukoo, ukiridhika pokea. Basi neno ni langu. Sijafurahi, sijanuna. Kazi ni kazi.

Jumanne, 9 Septemba
Nimeanza na jina. Daniel Tanaka. Mzaliwa wa hapa, baba yake mzaliwa wa hapa, Kijapani hajui. Ila jina lake anajua kuliandika. Alilichora nyuma ya bahasha ya bili ya umeme. Herufi ya kwanza kama dirisha la vioo vinne: shamba la mpunga. Ya pili: katikati. Mtu wa katikati ya mashamba ya mpunga.

Nimelipenda. Jina linalosema mtu anakaa wapi.

Nikamuuliza mziro wa ukoo wao. Kwetu Wahaya kila ukoo una kitu usichokula. Sisi hatuli nyama ya pongo. Akafikiri sana, akasema bibi yake hapendi watu wanywe soda. Kijana wa watu.

Ijumaa, 12 Septemba
Akina Tanaka wako kila mahali. Daktari wa meno kule Scarborough, jina liko kwenye kioo cha mlango. Fundi miwani jirani yake. Leo hotelini, mgeni wa ghorofa ya sita, jina kwenye begi wakati natandika kitanda. Ukoo mkubwa, nikajisemea. Vizuri. Ukoo mkubwa haulemewi na msiba.

Nilimuuliza Daniel kama daktari wa meno ni baba yake mdogo. Alicheka. Sikuona cha kuchekesha.

Jumapili, 14 Septemba
Alikuja kula mchana. Ndizi na nyama. Nikauliza swali la kawaida ambalo mtu mzima yeyote angeuliza: bibi mzaa baba, kabla ya kuolewa, alikuwa mtoto wa nani?

Tanaka.

Nikamwambia hapana, kabla ya kuolewa. Tanaka, akarudia, huku anajiongezea ndizi.

Sikumaliza sahani yangu. Tanaka kaolewa na Tanaka. Kwetu mtu haoi ndani ya ukoo wake, hata kama undugu wenyewe hakuna anayeukumbuka. Ni kaka na dada. Wakazaa, na aliyezaliwa akamzaa huyu anayemaliza ndizi zangu.

Jumatatu, 15 Septemba
Nimemwambia Koku posa haipo. Nimemweleza sababu taratibu, kama mtu mzima kwa mtu mzima. Alijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake akikasirika. Halafu akarudi kwenye Kiswahili ili niumie vizuri: "Shangazi, tutaenda City Hall kusaini ndoa. Hutakuwepo."

Nimemlea tangu ana meno ya utoto. Naogopa. Nimeandika, basi.

Alhamisi, 18 Septemba
Haongei nami. Amenitumia makala kwenye simu bila hata salamu. Nimesoma kwenye basi, kwenda na kurudi.

Inasema zamani Japani mkulima wa kawaida hakuruhusiwa kutumia jina la pili rasmi. Majina hayo yalikuwa ya wakubwa na wenye panga. Baadaye, utawala ulipobadilika, serikali ikaamuru kila mtu awe nalo. Wengi wakachukua kilichokuwa mbele ya macho: mlima, daraja, kisima. Wa mashambani wakawa Tanaka. Ni kati ya majina yenye watu wengi kabisa kule, pamoja na Sato na Suzuki.

Sawa. Lakini makala haioi wala haizai. Huyo aliyeiandika atajuaje bibi yake Daniel na mumewe walitoka shamba moja au mawili? Waliokaa katikati ya mpunga uleule bado ni ndugu.

Jumamosi, 20 Septemba
Koku amelala kwa rafiki yake. Nimefua. Nimepika kidogo, nimekula kidogo. Wazee walipiga kuuliza uchunguzi umefika wapi. Nimesema unaendelea. Ningesema Tanaka wawili, neno lisingerudi tena mdomoni.

Jumanne, 23 Septemba
Simu kutoka Scarborough. Bibi Tanaka mwenyewe. Sauti ndogo, kavu. Amesema anasikia nina maswali, na maswali ya namna hiyo yeye anapenda kuyajibu nyumbani kwake, na chai. Nitakwenda. Angalau mmoja katika familia hiyo ana adabu.

Alhamisi, 25 Septemba
Mabasi mawili, mvua. Anakaa kwenye jengo la wazee. Mfupi kuliko mimi, jambo ambalo ni nadra. Aliniambia nivue viatu, akanipa ndala. Sikuzunguka. Nilimwambia kwetu hiyo ndoa yake ni mwiko.

Hakukasirika. Alisimulia kama anayesoma bei za sokoni. Alizaliwa pwani ya magharibi ya Kanada. Vita ya pili ya dunia ilipokuja, serikali ikawaondoa watu wote wa asili ya Kijapani pwani, ikauza nyumba na boti zao. Vita ilipokwisha wakaambiwa wachague: mashariki ya milima au Japani. Wakaja Toronto. Hapa akakutana na kijana Tanaka.

Baba yake akachunguza. Kijiji gani, ugonjwa gani, walevi wangapi. Kwao yeye, kule Japani, ni Shiga, bara, kwenye mpunga. Kwa kijana ni Wakayama, baharini, wavuvi. Hakuna aliyewahi kukanyaga kwa mwenzake. Jina baba yake hakuliuliza hata kidogo. Ingekuwa kumkataa mtu kwa sababu naye ana pua.

Halafu akaniuliza, na mimi, akina Kamugisha wenzangu wote ni ndugu zangu?

Kanisani tuna Kamugisha mwingine. Mweka hazina. Ukoo wake mwingine, mziro wake mwingine, na miaka yote hii sijawahi kumwita hata binamu. Kamugisha ni jina la baba yangu tu, alipewa siku aliyozaliwa. Kwenye karatasi za Kanada ukoo wangu haupo popote. Mimi najua hivyo. Nilijua hivyo hata juzi nikikataa ndizi zangu mwenyewe.

Nilikunywa chai yake. Haina sukari, haina maziwa. Niliimaliza. Kwenye basi nikamwandikia Koku: waje.

Jumamosi, 27 Septemba
Wamekuja watatu: Daniel, baba yake, bibi. Koku alivaa gauni nililomshonea, bila kuambiwa. Niliuliza yote ya desturi, wakajibu yote. Nikasema tumepokea. Nilisema kwa sauti ndogo, Koku akanishika mkono chini ya meza. Nimefurahi. Naandika hivyo hivyo.

Baadaye nikatoa senene. Si kwa ukarimu, nilitaka kuwaona. Baba yake Daniel alimshika mmoja kama skrubu aliyoiokota chini. Daniel akala mmoja kwa ajili ya mapenzi. Bibi akavuta sahani kwake, akaanza kula kama mtu aliyesubiri.

Akasema baba yake alikuwa akisimulia hawa. Panzi wa kwenye mpunga, wakivuna wanawakamata, wanawapika na soya na sukari. Yeye hakuwahi kuwaonja. Pwani hawakuwepo, na huku mashariki nani angempa? Hakulia. Alikuwa anatafuna.

Nikamwambia kwetu zamani wanawake walikamata senene, wanaume ndio waliokula. Akasema wanaume ni walewale. Kopo lote nikamfungia kwenye leso, akaliweka kwenye mkoba.

Jumapili, 28 Septemba
Misa, basi, chai. Lifti imepona.

Wazee wamepiga. Nimewaambia ukoo ni safi, watu wa kulima mpunga. Wakauliza mziro. Nikasema soda.

Jioni Koku alifungua friza, akasimama pale na mlango wazi, baridi yote inatoka. Akauliza senene wako wapi. Nikamwambia nimewapa ndugu.