Mshipi wa Mama Mkwe

Jumapili usiku

Na bado sijasema ukweli. Mama mkwe amelala chumba cha pili, paji la uso limevimba kama limeumwa na nyuki, na mimi hapa...

Nilimkalisha kiti cha mbele garini kwa heshima. Lakini kumfunga mshipi ni kumwinamia kifuani, na mkwe hafanyi hivyo. Hata kumwambia ajifunge mwenyewe niliona haya. Tulipokaribia Cheptiret ndipo nikafungua mdomo: "Mama, shikilia tu hiyo mshipi hapo kifuani, polisi wako mbele."

Akaushika kwa vidole viwili. Tukapita, akauachilia. Mbele kidogo ng'ombe akaingia barabarani, nikakanyaga breki, na Mama akagonga dashibodi kwa kichwa.

Polisi mmoja akaja mbio kutoka kwenye kizuizi tulichokuwa tumepita. "Dereva, gari ni yako, abiria ni wako. Ulimwambia afunge mshipi?"

Kabla sijajibu, Mama akasema, leso imelowa damu mkononi, "Aliniambia. Ni mimi nilikataa. Sisi wazee tuko na kichwa ngumu."

Polisi akatuachilia, tena akanipa pole. Mimi!

Jioni mezani mke wangu akamkaripia mama yake: "Mama, mbona ukiambiwa husikii? Karibu umtie huyu taabani bure."

Mama akainamia sahani yake. Hakuniangalia hata mara moja.

Nami nikaomba niongezewe mboga.